Gitaa Jipya, Mkono wa Zamani

Mpigaji gitaa akishanunua chombo kipya, cha kwanza kumfikia si ile sauti aliyoilipia. Ni makosa. Kidole cha shahada, ambacho kwa miaka kimekuwa kikiangukia uzi wa kwanza bila kutazamwa, sasa kinaparamia wa pili. Kidole gumba kinakung'uta besi kwa nguvu ileile iliyohitajika kuuamsha ubao uliochoka, na ubao mpya unajibu kwa mngurumo. Wimbo unaopigwa kila Jumapili unatoka kama wa mwanafunzi. Haupiti muda mrefu, gitaa la bei kubwa linaegemezwa ukutani, na lile la zamani lenye ufa na rangi iliyobanduka linarudi mapajani.

Ukilalamika hapa Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, utapewa majibu mawili. Muuzaji atakuambia, "Papa, utazoea tu." Wazee nao watasema magitaa ya leo si magitaa. Jibu la kwanza linautwika mkono mzigo wote, la pili linakitwika chombo. Yote mawili yanalikwepa swali lenyewe: katika ugumu huu, upi ni ubovu wa kupelekwa kwa fundi, upi ni mazoea ya mkono yanayohitaji muda, na upi ni kitu tulichokipenda katika gitaa la zamani bila kujua kwamba kilikuwa kasoro?

Mji huu una haki ya kuuliza swali hilo kuliko miji mingi. Mwaka 1952, ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka bara akikusanya muziki kwa mashine yake ya kurekodi, alimrekodi hapa kijana aliyeitwa Mwenda Jean Bosco. Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, kwenye makao ya zamani ya Msiri, mfalme wa Wayeke. Nyimbo zake "Masanga" na "Bombalaka" zilitoka kwenye sahani moja ya lebo ya Gallotone, na "Masanga" ikapata Tuzo ya Osborn ya muziki wa Kiafrika. Mwaka 1959 alikwenda Nairobi, ambako sauti yake ilitumika kutangaza dawa ya Aspro, kama vile Edouard Masengo, mwenzake wa Katanga, alivyotangaza Coca-Cola. Wapigaji wa Kenya wakaiba kila walichoweza kukiiba kutoka kwenye vidole vyao, na waliiba vizuri.

Tangu hapo, kwa wengi wetu, gitaa linalostahili jina ni lile linalosikika kwenye sahani hizo: kavu, la karibu, besi ikitembea chini na uzi wa juu ukiimba, kiasi kwamba asiyejua huapa kuwa wapigaji ni wawili. Kijana akinunua gitaa la kiwandani kutoka China na asiisikie sauti hiyo, analaumu mbao.

Tunachosahau ni kwamba gitaa lenyewe lilikuwa geni kwa watu hao. Halikuchongwa kwa ajili ya mkono wa Bunkeya. Lilitoka viwandani, mengi yakiwa ya bei nafuu kutoka Afrika Kusini, na Gallotone ileile iliyouza sahani iliuza na magitaa. Ndiyo maana hadi leo utawasikia wanamuziki wa Tanzania wakiliita gitaa kavu "galatoni". Gitaa la kwanza la John Lennon kule Liverpool nalo lilikuwa Gallotone, lenye karatasi ndani ya tumbo iliyoahidi kwamba halitapasuka. Ahadi ya namna hiyo haitolewi kwa mteja asiyewahi kuona gitaa likipasuka.

Wanaume wa kambi za kampuni ya madini ya Union Minière, waliokuwa na mshahara wa mwezi na jioni ya kuutumia, walikichukua chombo hicho cha watu wengine wakakipigia vidole viwili tu, gumba na shahada. Upigaji huo haukuwa wa Katanga peke yake. Mabaharia wa Kikru wa Liberia waliueneza pwani ya Afrika Magharibi kabla ya hapo. Lakini namna Bosco alivyouchanganya na miondoko ya nyumbani ilikuwa ngumu kiasi cha David Rycroft kukaa na kuyaandika kwa nota mapigo yake, moja baada ya jingine, katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo mtindo tunaoulinda leo dhidi ya gitaa jipya ni matunda ya watu waliolizoea gitaa jipya. Mimi naona hilo linatosha kumnyamazisha mzee anayesema magitaa ya leo si magitaa.

Hata hivyo halimpi muuzaji haki. "Utazoea" ni neno la kweli pale tu ambapo kuna kitu cha kuzoewa.

Tuanze na kinachopimika. Gitaa la nyuzi za nailoni huwa na shingo yenye upana wa milimita 52 hivi pale juu, karibu na kichwa. La nyuzi za chuma huwa na 43 hivi. Gawa tofauti hiyo kwenye mapengo matano yaliyo kati ya nyuzi sita, utaona kila uzi umemsogelea jirani yake kwa karibu milimita 2. Kwa anayekwangua nyuzi zote kwa pamoja, milimita 2 si kitu. Kwa anayepiga kwa vidole viwili ni nyumba nyingine kabisa, kwa sababu kidole chake cha shahada peke yake kinahudumia nyuzi tatu za juu, kikiruka kutoka mmoja hadi mwingine katikati ya pigo la gumba. Mruko huo hauongozwi na jicho. Mkono umeuhifadhi kama mguu unavyohifadhi kimo cha ngazi za nyumbani, na ngazi moja ikipungua kimo kidogo tu, mtu anajikwaa.

Urefu wa nyuzi nao una habari yake. Andrés Segovia, Mhispania aliyelipandisha gitaa kwenye kumbi kubwa za dunia, alipiga gitaa lililotengenezwa na Hermann Hauser mwaka 1937 hadi alipoliacha mwaka 1962. Baada ya gitaa hilo alipiga ya mafundi Fleta na Ramírez, na Ramírez alikuwa akitengeneza magitaa yenye nyuzi za milimita 664 badala ya 650 zilizozoeleka. Milimita 14 zikisambazwa kwenye shingo nzima zinaonekana kichekesho. Lakini kutoka kichwani hadi freti ya nne umbali unaongezeka kwa karibu milimita 3, na ili uzi uleule utoe sauti ileile unahitaji kukazwa kwa asilimia 4 zaidi. Mwanamuziki aliyekwishapita miaka 60 anaambiwa anyooshe kidole zaidi na abonyeze kwa nguvu zaidi. Alikubali, kwa sababu gitaa refu lilimpa sauti iliyojaza ukumbi bila kipaza sauti. Hapo mkono ulikuwa na sababu ya kuhama. Gitaa jipya lisilokupa kitu ulichokikosa kwenye la zamani halikudai chochote isipokuwa pesa yako.

Upana na urefu ndivyo vitu vinavyozoeleka kweli. Havitengenezeki, basi mkono hauna budi. Dawa yake inajulikana na inachosha: kuupiga wimbo mmoja polepole, nusu ya mwendo wake, gumba peke yake kwanza, kisha shahada peke yake, kisha vyote, hadi mruko mpya uandikike. Anayeanza na wimbo wake mgumu kuliko yote, mbele ya kwaya, siku ya kwanza, anajitafutia aibu.

Kimo cha nyuzi juu ya shingo ni kesi nyingine, na hapa ndipo watu wa Likasi wanapoteswa bure. Magitaa mengi ya bei nafuu yanatoka kiwandani nyuzi zikiwa juu mno, kwa sababu kiwanda hakina muda wa kurekebisha moja moja, na nyuzi za juu hazilii ovyo dukani. Chukua rula ndogo. Pale kwenye freti ya 12, pengo kati ya uzi mzito na freti liwe milimita 2 na nusu hadi 3 kwa gitaa la chuma. La nailoni linaweza kufika 4. Kisha bonyeza uzi kwenye freti ya tatu utazame juu ya freti ya kwanza: pawe na mwanga mwembamba kiasi cha unene wa karatasi. Ukiona pengo la kuingiza kadi ya simu, mfupa wa juu, ule unaoshika nyuzi karibu na kichwa, haujachongwa vya kutosha, na kila unapobonyeza karibu na kichwa unapigana na fundi asiyekuwapo.

Kazi ya kuondoa taabu hiyo ni ndogo. Fundi anashika tupa nyembamba, anazama kidogo katika kila mfereji wa mfupa, anarudisha uzi, anaukaza, anatazama tena. Mfupa wa darajani anautoa na kuusugua chini kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, ili uwe sawa, halafu anaurudisha. Ukivunjika, kipande cha mfupa wa ng'ombe kutoka kwa muuza nyama, kikichemshwa na kukaushwa, kinafanya kazi vizuri kuliko plastiki ya kiwandani. Gitaa lenye chuma ndani ya shingo linahitaji pia ufunguo wake na robo ya mzunguko, si zaidi kwa siku moja. Nimewaona watu wakiliuza gitaa kwa hasara baada ya miezi ya maumivu ya vidole ambayo kazi hiyo ya asubuhi moja ingeyamaliza. Waliambiwa watazoea.

Na kuna kosa ambalo hakuna mkono unaoweza kulizoea. Seti ya nyuzi za chuma huvuta daraja kwa uzito wa kilo 70 hivi. Za nailoni kwa kilo 40 hivi. Mtu ananunua gitaa la nailoni, analiona lina sauti ya upole mno ukilinganisha na lile la zamani, anavalisha chuma. Kwa wiki chache anafurahi. Kisha tumbo linavimba nyuma ya daraja, shingo inapinda kama upinde, na siku moja daraja linang'oka kwa kishindo cha kuamsha nyumba. Zamani, penye uhaba, watu walifumua waya wa breki ya baiskeli wakautumia badala ya uzi, na gitaa zima lililipa gharama ya ubunifu huo. Leo nyuzi zinapatikana. Hakuna sababu.

Hali ya hewa ya hapa inaongeza utata wake. Kuanzia Mei mvua inakatika, na kufikia Julai hewa ni kavu, usiku ni baridi, na mbao zinanywea. Ncha za freti zinatokeza pembeni mwa shingo na kukwaruza kiganja. Ubao wa tumbo unashuka na nyuzi zinashuka nao, zinaanza kulia ovyo. Mvua zikirudi mwishoni mwa mwaka, ubao unavimba, nyuzi zinapanda. Gitaa la zamani la plaiwudi halikujali sana mambo haya, maana tabaka zake zimegundishwa zikipingana. Gitaa jipya la gharama, lenye tumbo la ubao mmoja mzima, linajali mno. Kwa hiyo aliyepandisha hadhi ya chombo chake anaweza kupata kitu chenye sauti bora na afya mbovu zaidi, na akadhani ametapeliwa. Hajatapeliwa. Amenunua kitu kinachotaka kulazwa ndani ya kasha lake, mbali na ukuta unaopigwa na jua la saa nane.

Tukitoka kwenye mbao, kuna suala la sikio, na hili ndilo gumu zaidi kulisema bila kumuudhi mtu. Gitaa la zamani lenye nyuzi za juu na freti zilizolika halitoi sauti zilizo sawasawa shingo nzima. Ukibonyeza uzi ulio mbali na shingo, unaurefusha kidogo, na sauti inapanda. Mwenye gitaa hilo alijifunza bila kuambiwa kuushusha uzi wa pili kidogo wakati wa kutyuni, kuziepuka freti fulani, kuweka kapo (mara nyingi penseli na mpira wa ndani wa gurudumu) mahali ambapo kasoro zinasikilizana. Waimbaji wake wakaizoea tyuni hiyo. Akija na gitaa jipya lililonyooka, lililopimwa kwa programu ya simu, kwaya inasikia kitu baridi. Wanasema halina roho. Wanachokikosa ni kasoro waliyoimba nayo miaka yote, na sioni aibu katika kukipenda kitu hicho. Aibu ni kukiita ubora wa mbao.

Utafiti mmoja wa fidla unafaa kusimuliwa hapa. Mwaka 2010, katika chumba cha hoteli mjini Indianapolis, mtafiti Claudia Fritz na wenzake waliwapa wapigaji 21 fidla sita, tatu mpya na tatu za kale, mbili kati ya hizo za kale zikiwa za Stradivari, fundi maarufu wa zamani. Mwanga ulififishwa, na wapigaji walivaa miwani ya kuchomelea vyuma, kama ile inayovaliwa kwenye gereji za hapa mjini, ili wasitambue wanachokishika. Wengi walichagua mpya. Iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa Stradivari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012 na ugomvi haujaisha, lakini walau tunajua hivi: mtu akiondolewa historia ya chombo, mapenzi yake kwa cha zamani yanalegea sana. Ningependa kuona jaribio hilo likifanywa ukumbini Likasi, kwa magitaa, mbele ya wazee wetu. Miwani ipo.

Ushahidi wa karibu zaidi anao Bosco mwenyewe. Mwaka 1988, miaka 36 baada ya Tracey, alirekodi tena Cape Town, akarudia baadhi ya nyimbo zake za ujana. Studio nyingine, mitambo mingine, umri mwingine. Aliyewahi kusikiliza sahani za kale anamtambua kabla hajafungua kinywa, kwa namna gumba linavyochelewa kidogo na shahada inavyojibu. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia, na rekodi hiyo imebaki kama jibu kwa wanaodhani sauti ile ilikaa ndani ya sanduku la mbao.

Anayehama kutoka gitaa kavu kwenda la umeme ana hesabu tofauti kabisa, na sitakaa nayo sana kwa sababu huko si kuzoea chombo kipya, ni kujifunza kazi mpya. Nyuzi za inchi 0.009 au 0.010 badala ya 0.012 zinamfanya mwenye mkono mzito apindishe kila noti. Nguvu inahamia kwenye amplifaya, na kidole kinabaki na kazi ya adabu. Tena Likasi kuna suala la umeme wenyewe. Maporomoko ya Mwadingusha kwenye mto Lufira yalifungwa mitambo kwa ajili ya viwanda vya Union Minière, na hadi leo anayeishi mtaani Kikula anajua kwamba kati ya tanuru la kiwanda na amplifaya yake, kinachosubiri umeme ni kipi. Anayeuza gitaa kavu ili anunue la umeme ajiulize kwanza atafanya mazoezi saa ngapi.

Kuna wanamuziki wa Katanga waliolikwepa tatizo zima. Wapigaji wa karindula hutengeneza chombo chao wenyewe: pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, shingo ya mti. Kikiharibika kinatengenezwa kingine kwa kipimo cha mikono ileile. Hakuna kuhama. Lakini hapo pia kuna gharama, maana chombo kinachokufuata wewe hakikufundishi jambo ambalo hukulijua, na wapigaji wa Jadotville walijifunza mengi kwa kulazimishwa na shingo iliyochongwa kwa ajili ya watu wasiowajua.

Kwa hiyo ningempa mpangilio huu anayesimama leo kati ya gitaa lake la zamani na jipya. Kabla ya kupiga hata wimbo mmoja, rula na fundi. Ubovu ukiondoka, pima upana na urefu dhidi ya la zamani. Tofauti ikiwa kubwa na hupati kitu cha kuilipia, rudisha gitaa dukani mapema, usijipe moyo. Tofauti ikiwa ndogo, au ikiwa na malipo yake kwenye sauti, la zamani lifungwe kabatini kwa muda. Kupiga la zamani kanisani na jipya nyumbani, siku hiyohiyo, kunauchelewesha mkono pande zote mbili. Lisiuzwe lakini. Mkono mpya ukishasimama, vyombo vyote viwili vinaweza kuishi nyumba moja bila kugombana, na utashangaa kugundua ni nyimbo zipi zilikuwa za la zamani kweli na zipi zilikwama humo tu kwa kukosa pa kwenda.

Neno la mwisho ni kwa wanaotoa pesa: wazazi, wachungaji, mapadri, viongozi wa kwaya. Bajeti zenu za vyombo karibu zote zinaishia kwenye bei ya dukani. Ongezeni juu yake seti mbili za nyuzi, kasha, na ujira wa fundi wa asubuhi moja. Kama fungu halitoshi kwa yote, nunueni gitaa la bei ya chini zaidi, na fundi alipwe.